Jumatano za Koko Nabintu

Habari za kifo cha Solange zilinifikia wiki tatu baada ya kuzikwa kwake, kupitia kundi la simu la akina mama wa kanisani ambalo kwa kawaida silifungui, kwa sababu ya wingi wa picha za maua na za asubuhi njema. Nilikuwa kazini, katika chumba cha mazoezi cha chuo ninachofundisha sasa, nimesimama katikati ya vitanda sita na wanafunzi kumi na wawili, nikiwaonyesha namna ya kumlaza mgonjwa kiubavu bila kumwacha mgongo wote wazi. Nilisoma ujumbe, nikarudisha simu mfukoni, nikaendelea. Mkono mmoja begani, mwingine nyongani, na umwambie kabla hujamgusa. Shuka unalisogeza pale tu unapotaka kutazama, unatazama kwelikweli, kisha unalirudisha. Nilipowaachia wajaribu wenyewe ndipo nilipokwenda dirishani na kuusoma tena ujumbe. Solange sikuwa nimemwona kwa miaka kumi na saba. Hatukuwa marafiki tena. Lakini upo mwaka mmoja ambao, katika jiji hili zima la Sydney, mtu pekee aliyejua kama nimekula au sijala alikuwa yeye, na mwaka huo sijawahi kumsimulia mtu, hata mume wangu, ambaye hudhani ananijua mpaka mifukoni.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Nilikuja na cheti cha uuguzi cha Nairobi, nikaambiwa kwa adabu nyingi kwamba ni kizuri, ila nianze upya. Nikapanga chumba Lidcombe, nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kikorea aliyeniruhusu jikoni kwake kuanzia saa mbili hadi saa tatu asubuhi tu, kwa sababu vitunguu vyangu vilimkera. Kabichi yake iliyochachishwa mimi sikuisema. Chumba kilikuwa na kitanda, meza ya kukunja, na dirisha lililotazama reli, kwa hiyo kila treni ilipopita kioo kilitetemeka na mswaki ukacheza ndani ya kikombe. Watu huniuliza kama kelele zile hazikuniudhi. Nilizipenda. Siku za mapumziko nilikaa kitandani na mkate na maharage ya kopo, nikihesabu mabehewa, na nilizungumza peke yangu kwa Kiswahili ili nisikie sauti ya mtu. Upweke wa aina ile haulii wala haupigi kelele. Unakufanya tu uoge polepole na kukunja nguo ambazo tayari umezikunja.

Darasani tulikuwa kumi na saba. Zoezi la kumpanga mgonjwa kwa uchunguzi lilifanywa wawili wawili: mmoja mgonjwa, mwingine muuguzi, kisha wanabadilishana. Kulala chali, kulala kiubavu, kulala kifudifudi, kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa na shuka limetandazwa pembe pembe, pembe moja kifuani na mbili zikizungushwa miguuni, ili daktari aone anachopaswa kuona na si zaidi. Kumi na saba haigawanyiki kwa mbili. Wiki ya kwanza wote walikuwa wameshageukiana kabla sijaweka mkoba chini, na mwalimu, mwanamke mwenye huruma asiyekuwa na muda, akasema, "Salome, wewe chukua Margaret." Margaret alikuwa mwanasesere wa plastiki mwenye wigi la mvi. Muhula mzima niligeuza Margaret, nikamfunika, nikamfunua, nikamwomba radhi kwa ubaridi wa mikono yangu. Nilipata alama za juu kuliko wote, kwa kuwa Margaret hakuwahi kuona haya. Kando yangu wenzangu walicheka, walitekenyana, waliambiana, "Una vidole kama barafu!" nami nilikuwa nimemaliza miezi saba bila mtu kunigusa zaidi ya kunipa mkono. Niliwaonea wivu hata walipolaumiana.

Baada ya muhula huo nilipelekwa kwa mazoezi ya kazi kwenye nyumba ya wazee upande wa Bankstown, nyumba ndogo ya matofali ambayo siku hizi haipo. Muuguzi mkuu wa zamu aliitwa Denise. Siku ya pili aliniita kutoka upande wa pili wa ukumbi: "Salome, love, you speak African?" Nilitaka kumweleza kwamba lugha hiyo haipo duniani, lakini kutoka chumba namba tisa nikasikia sauti ya bibi mkali: "Musinivue! Hapa banavua mutu sawa kuku!" Nikaingia. Juu ya kitanda alikaa mwanamke mwembamba wa miaka themanini hivi, upande wa kushoto wa mwili wake umelala kwa kiharusi, na juu ya gauni la hospitali amejifunga kitenge cha manjano, ambacho kwao wanakiita kikwembe. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akanitazama kama niliyeshuka kutoka darini. Kisha akacheka kwa nusu ya mdomo iliyokuwa bado inacheka. "Bibi ni muke wa mutu," akasema. "Miye uniite Koko."

Koko Nabintu, na koko kwao ni nyanya, mama mzee, alitoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, akapita kambi za wakimbizi miaka mingi, akaletwa huku na binti yake Solange. Kiingereza alijua neno "no", na alilitumia vizuri. Kwa hiyo Denise akanipa kazi ya Jumatano asubuhi: kumkagua ngozi. Mzee anayekaa kwenye kiti cha magurudumu kutwa nzima, damu haifiki vizuri pale mfupa unapobana ngozi. Huota kidonda kimyakimya, hasa kwenye visigino, nyongani, na kifandugu, ule mwisho wa uti wa mgongo. Unamlaza kiubavu, unaweka mto kati ya magoti, unafunika juu na chini, unafunua sehemu ndogo, unatazama kwa mwanga mzuri, unabonyeza kwa kidole, kisha unaandika kwenye fomu maneno mawili, "skin intact", yaani ngozi nzima, haina jeraha. Jumatano zote za kwanza nilifanya hivyo hasa. Koko aligeukia ukutani, akaniachia mgongo wake, akanisimulia bei ya ndizi ya soko la Kadutu la zamani zile. Alikuwa mwili wa kwanza wenye joto kuwa mikononi mwangu katika nchi hii. Nilitoka chumbani mle nikiwa na furaha ambayo niliionea aibu.

Solange alikuja Ijumaa moja akiwa na sare ya ghala la nguo alikofanya kazi, akanikuta nikimlisha mama yake. Alikuwa amenizidi miaka kama tisa, mrefu, sauti nzito, asiye na subira na mtu anayesita. Hakuuliza jina langu. Aliuliza, "Jumapili unakulaka wapi?" Nikasema nyumbani. "Na nani?" Nikampanguza Koko mdomo. "Bon," akasema, "utakuya kwetu." Wao dada mkubwa humwita yaya, neno ambalo kwetu Nairobi ni la mlezi wa watoto, nikawa naona haya kulitamka, lakini kufikia Jumapili ya pili nilikuwa nalitamka bila kufikiri. Yaya Solange alikuwa na nyumba ya kupanga Fairfield, sebule iliyojaa viti vya rangi tatu tofauti, na redio ndogo ya nyimbo za injili iliyowekwa juu ya friji. Kila Jumapili gari lenye ngazi ya umeme lilimleta Koko saa tano, akakaa mezani kwenye kiti chake mpaka saa kumi na moja. Tulikula bugali, yaani ugali wao, na sombe, kisamvu kilichopikwa na mafuta ya mawese, na dagaa ambao wao huwaita sambaza, waliogandishwa na barafu, walionunuliwa sokoni kwa Muasia mmoja aliyeshajua kusalimu "jambo, mama". Watoto wawili wa Solange walisikia kila tulichosema na kujibu kwa Kiingereza. Mimi nilikula kama mtu aliyetoka jela.

Jumapili ya nne, katikati ya chakula, Koko alinyoosha mkono wake mzima, akaniwekea sambaza wanne kwenye sahani yangu, kutoka kwenye yake. "Huyu," akawatangazia wote, "kuanzia leo ni mutoto wangu wa mwisho." Solange akapiga makofi, akasema sasa amepata mtu wa kumsaidia kuosha sufuria. Watu wanaosoma haya wakiwa wamezungukwa na ndugu zao hawatanielewa. Nililia pale pale, kamasi na yote, na mtoto mkubwa akasema, "Mum, she's crying in her food," na Koko akasema niachwe nilie, chumvi haikutosha hata hivyo.

Jumatano iliyofuata niliingia chumba namba tisa na mto wangu na shuka langu safi. Nikafunga mlango, nikavuta pazia, nikamwambia, "Koko, tugeuke." Aligeuka. Nilipofikisha mkono kwenye fundo la kikwembe, akanishika kifundo cha mkono.

"Hapana. Wewe hapana."

"Koko, ni kazi tu. Si wiki iliyopita nilitazama?"

"Wiki iliyopita ulikuwa mugeni. Mugeni aone, haina neno. Sasa uko mutoto wangu. Mutoto haangaliaka uchi ya mama yake. Ni laana, Salome, na sitaki ikufuate huku peke yako."

Nami nilijua hayo. Hayakuwa ya Bukavu peke yake; kwetu pia mama akitaka kumwapiza mwanawe hana silaha kubwa kuliko kuvua nguo mbele yake. Nilisimama na shuka mkononi. Mgeni yeyote, Denise, mwalimu wangu, mtu aliyeokotwa barabarani, angeweza kutazama mgongo ule, isipokuwa mimi niliyekuwa nimetoka kupewa mama. Ningeweza kutoka na kumwita mwingine. Lakini kumwita mwingine kulikuwa ni kusema kwamba mimi nimeshindwa kazi niliyopewa kwa sababu ya lugha, na ndani zaidi, kulikuwa ni kukataa kile alichonipa mezani. Nikapitisha kiganja juu ya kikwembe, juu juu, kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza. Nikamfunika mpaka mabegani. Nikaandika "skin intact". Naye akanishukuru, akasema nimefundishwa vizuri. Nilifanya hivyo Jumatano tatu mfululizo, na kila mara lilikuwa rahisi kuliko mara ya kabla.

Aliyekigundua kidonda ni Sunita, msichana wa Nepali aliyekuwa akimwogesha. Koko alioga akiwa amekaa, kikwembe kikiwa kiunoni hata chini ya maji, na Sunita, ambaye naye alikuwa na bibi kwao, alimwachia. Lakini Jumatatu moja aliona doa kwenye shuka la kitanda, akamwita Denise, na wawili hao wakafungua fundo Koko akipiga kelele. Kidonda kilikuwa juu ya kifandugu, upana wa kifuniko cha chupa, na tayari kilikuwa na shimo. Denise akaniita ofisini, fomu zangu tatu zikiwa mezani. Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kama Jumatano iliyopita nilitazama. Nikasema ndiyo. Neno dogo kabisa. Akaandika kwamba kidonda lazima kilianza baada ya Jumatano, mwishoni mwa wiki. Sunita akahamishiwa kwa muda chumba cha kufulia, uchunguzi ukiendelea, kwa sababu mwogeshaji wa mwisho wa wiki alikuwa yeye. Nilimpita mlangoni akikunja taulo. Alinitabasamia, akaniuliza bibi yangu anaendeleaje. Alimwita hivyo, bibi yangu.

Jumapili nilikwenda Fairfield, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda, na hilo nililisema kama kisingizio wakati ule na nalisema kama ukweli leo. Gari lilimleta Koko amelazwa, lakini hakukaa mezani. Denise alikuwa ameagiza asikae, kwa hiyo alilazwa kiubavu chumba cha ndani, na tulimsikia akikoroma. Solange hakuwa amepika sombe. Alikuwa na macho mekundu na simu sikioni, akiongea na dada yake aliyeko Adelaide, na kutoka jikoni nilipokuwa nikiosha vikombe nilisikia yote. "Masaa sita nilikuwa namukalisha pale kwenye kiti," alisema. "Masaa sita kila dimanche, kila Jumapili. Pengine ni miye, dada. Pengine ni mikono yangu imetoboa mama." Kisha sauti ikabadilika. "Ao ni ule mutoto wa Nepal. Haoshake muzuri. Nitaandika barua."

Alikuja jikoni na karatasi na kalamu, akavuta kiti, akanikalisha. "Kiingereza yangu ni ya ghala tu," akasema. "Wewe unaandikaka muzuri. Andika kama huyu Sunita ameacha mama yangu aoze. Andika na bamufukuze." Mbele yangu akaweka sahani ya wali na maharage, aliyokuwa ameniwekea kando tangu mchana. Niliandika tarehe. Niliandika "Dear Manager". Niliandika jina la Sunita, nikaona jinsi mwandiko wangu ulivyo mzuri, mwandiko ule ule uliokuwa kwenye fomu tatu. Mtoto mdogo alisimama mlangoni, akasema, "Mum, she's not eating."

"Yaya," nikasema, "ni mimi."

Hakuelewa. Nikamwambia yote, kwa Kiswahili, polepole, kwa sababu Kiingereza kingenisaidia kujificha. Nikamwambia kwamba mama alinikataza, nami sikutazama. Jumatano tatu. Kwamba Denise aliniuliza nikadanganya. Kwamba si kiti chake wala si Sunita, ama kama kiti ni chake, mimi ndiye niliyeaminiwa kuona mapema na sikuona. Nilitarajia kofi. Solange aliketi, akaivuta karatasi kutoka chini ya mkono wangu, akaikunja. Kisha akasimama, akasema, "Kuya."

Tukaingia chumba cha ndani. Koko alikuwa ameamka. Solange akafunga mlango na kusimama kichwani mwa kitanda, mikono imefungwa kifuani. "Angalia," akaniambia. "Mbele yangu. Angalia na useme." Koko akaanza, "Hapana, mutoto ha..." na Solange akamkatiza kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa mama yake: "Mama, acha aone." Nikanawa mikono. Nikamwambia Koko nitakapomgusa. Nikaweka mto kati ya magoti, nikamfunika mabega, nikamfunika miguu, nikafungua fundo la kikwembe, nikakisogeza upana wa kiganja, si zaidi. Nikafungua bendeji. Nikasema nilichokiona, kwa sauti: upana wake, kina chake, wekundu unaozunguka, ngozi iliyokufa upande wa chini, harufu. Koko alikuwa akilia ukutani, na sikujua kama ni kwa maumivu au kwa laana aliyoamini imeniangukia. Pengine kwa yote mawili. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo lilinitisha. Nilikisafisha, nikafunga bendeji mpya kutoka kwenye mfuko wa dawa aliokuja nao, nikarudisha kikwembe, nikafunga fundo kama alivyolipenda, upande wa kulia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami mpaka siku ile nilidhani ni methali ya wakunga tu.

Sebuleni Solange alichana barua vipande vinne. "Kesho utamwambia ule muzungu," akasema. Nikasema nitamwambia. Akaenda jikoni, nikamsikia akifungua kabati. Alirudi na kopo la plastiki lenye kifuniko, amelijaza ule wali na maharage ambao sikuula, likiwa bado na joto. Kwao kama kwetu, mgeni hatoki nyumbani akiwa na njaa hata kama amekukosea, na chombo cha mtu hurudishwa, tena hakirudishwi kitupu. Ndivyo watu wanavyoendelea kutembeleana miaka na miaka bila kuitana. Alinikabidhi kwa mikono yote miwili. Alikuwa analia bila kujificha.

"Kopo usirudishe," akasema.

Jumatatu nilimwambia Denise. Sunita alirudi chumba namba tisa siku hiyo hiyo, nami niliondolewa nikarudia mazoezi yote mwaka uliofuata, nyumba nyingine, upande mwingine wa jiji. Nilisikia kwa watu wa kanisani kwamba kidonda kilipona baada ya miezi minne, na kwamba Koko alifariki majira ya baridi ya mwaka wa pili, akiwa usingizini. Sikwenda kuzika. Niliendelea kukaa Lidcombe, nikala mkate wangu kitandani Jumapili zote zile, na kila treni iliyoelekea Fairfield niliijua kwa sauti. Ni mwendo wa dakika chache. Nilijiambia kwamba nilikuwa namheshimu Solange, kwamba amesema, na mtu mwenye adabu husikia anapoambiwa. Wiki hii, nikiwa nimesimama pale dirishani na wanafunzi wakigeuzana nyuma yangu, ndipo nilipoona nilichokifanya. Mama aliniambia nisitazame akiwa na kidonda chini ya kitambaa, nikamtii. Binti akaniambia nisirudi huku akilia na mikono yake yote miwili ikiwa bado imelishika kopo, nami kwa miaka kumi na saba nikamtii pia.